Kuendelea na Mazoezi ya Triathloni Safarini Wakati Kano ya Kisigino Inasumbua

Kano ya kisigino, ile kano nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, ikishaanza kuuma huchukua miezi kupona, na safari huichokoza zaidi. Mtu hukaa kitini saa nyingi, hutembea mchana kutwa akiwa na viatu bapa, kisha jioni hukimbia mbio ndefu ili kufidia siku zilizompita. Kwa mwanatriathloni, yaani anayeogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja, safari ya wiki moja au mbili iwe ya kulinda uwezo ulionao, wala si ya kuuongeza. Jambo hilo linawezekana, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea mazoezi hautetereki upesi hata muda wake ukipunguzwa sana, mradi ukali wa mazoezi machache yanayobaki usilegezwe.

Kabla ya kuondoka, pima kwa utepe urefu wa tandiko la baiskeli yako, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya tandiko, ili uweze kurekebisha baiskeli ya mazoezi utakayoikuta huko uendako. Tandiko lililo chini mno hushusha kisigino na kuivuta kano, na lililo juu mno humlazimu mtu kusukuma pedali kwa ncha za vidole. Njiani vaa viatu vya kukimbilia vyenye kisigino kilichoinuka kidogo, kwa maana hatua za kwenye viwanja vya ndege na mitaani nazo ni mzigo kwa kano, ingawa wengi hawazihesabu.

Kila asubuhi, simama karibu na ukuta kwa mguu unaouma, inua kisigino polepole mara 10, kisha yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Yasipozidi 3, unaweza kukimbia kwa muda mfupi kwenye njia tambarare, bila vilima wala mbio za kasi, na kuacha angalau siku moja kabla ya kukimbia tena. Yakizidi hapo, nafasi ya mbio ichukuliwe na baiskeli. Iwapo asubuhi inayofuata ni mbaya kuliko iliyotangulia, zoezi la jana lilizidi kipimo, hata kama hukuhisi chochote ulipokuwa ukilifanya.

Baiskeli ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya kazi. Dakika 45 zinatosha: 10 za kupasha mwili joto, kisha vipindi 5 vya dakika 3 za nguvu, kila kimoja kikifuatwa na dakika 2 za taratibu, na 10 za kumalizia.

Kuogelea huonekana salama kabisa, lakini mabwawa ya hoteli mara nyingi ni mafupi. Mita 1,000 katika bwawa la mita 10 maana yake ni kugeuka mara 99, na kila mara mguu husukuma ukuta. Sukuma kwa mguu usiouma peke yake, au, jambo ninalolipendelea zaidi, jifunge kiunoni kamba ya mpira iliyofungwa mahali imara ukingoni, uogelee papo hapo kwa kuhesabu dakika badala ya mita.

Usiache mazoezi ya kuiimarisha kano, maana kupumzika tu hakuirudishii nguvu. Simama kwenye ngazi, inuka kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma, mara 15 kwa seti 3. Begi la mgongoni linaweza kuwa uzito wa kuongeza. Lakini ikiwa maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa, fanya zoezi hilo sakafuni, bila kushusha kisigino chini ya usawa wa vidole.

Usimeze dawa ya maumivu ili upate kukimbia, kwa kuwa itaficha dalili unayoitegemea kila asubuhi. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, mwone daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma baada ya safari ndefu, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali bila kungoja, hasa ukihisi pumzi inakatika au kifua kinauma.