Kukagua gari-nyumba la dizeli lililotumika kabla ya kulilipia

Mnunuzi aliyezoea magari madogo hukimbilia boneti, ilhali katika gari-nyumba injini ndiyo yenye afadhali: nozeli (vipuliza dizeli ndani ya injini) hubadilishwa, tabo (pampu ya kuongeza hewa kwenye injini) hubadilishwa, lakini ukuta uliooza ndani kwa ndani unaweza kumla mtu fedha nyingi kuliko bei aliyolinunulia gari. Nchini Uingereza, ambako mengi ya magari haya hujengwa juu ya chesisi ya gari la mizigo la Fiat Ducato na kukaa nje mvuani mwaka mzima, ukaguzi uanzie chumbani.

Ingia siku iliyofuata mvua ikiwezekana, ufunge mlango, kisha unuse kabla hujaanza mazungumzo. Uvundo haufichiki kwa urahisi, na marashi makali ndani ya gari linalouzwa yanapaswa kukutia shaka. Baada ya hapo bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye pembe za madirisha, kuzunguka dirisha la paa, ndani ya makabati ya juu na pale ukuta wa nyuma unapokutana na sakafu. Ukuta mkavu haubonyei. Ulioloa huingia polepole kama mkate uliochovywa kwenye chai, ukabaki na kishimo. Niliwahi kuinua godoro la kitanda cha nyuma nikakuta ubao mweusi na skrubu zilizoliwa na kutu, na muuzaji akanieleza bila kupepesa macho kwamba ilimwagika chai. Kipima unyevu cha bei nafuu kinatosha, mradi ulinganishe sehemu unayoishuku na sehemu unayojua ni kavu. Nje, silikoni mpya iliyopakwa juu ya kiungo cha zamani mara nyingi inaonyesha mahali maji yalipopitia, na sakafu inayonesanesa unapoikanyaga huenda tabaka zake zimeachana.

Kwa upande wa injini, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika uguse boneti kwanza, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria nozeli zilizochoka au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Usishawishike sana na kilomita chache, kwani gari hili hulala miezi mingi, na mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni, huzeeka kwa miaka pia. Ducato yenye injini ya lita 2.3 hutumia mkanda, ile ya lita 3.0 hutumia mnyororo. Kwa ya kwanza, dai risiti ya mkanda ulipobadilishwa mara ya mwisho, kwa maana neno la mdomo halishiki mkanda. Angalia pia kama maji yanachuruzika kutoka chini ya kioo cha mbele na kuangukia nozeli, kisha ulirudishe gari kinyumenyume kwenye mwinuko ili uone kama klachi inatetemeka.

Matairi yanaweza kuwa na meno kamili na bado yakawa yamepitwa na wakati. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 1418 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Friji ya gari hili kwa kawaida hufanya kazi kwa gesi, kwa volti 12 na kwa umeme wa nyumbani. Omba iwashwe tangu jana yake, kwa kuwa hupoa taratibu mno.

Historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari nchini Uingereza, husomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya gari, na humo utaona maili za kila mwaka pamoja na kasoro zilizoonywa. Kama utaingia London, hakikisha injini imefikia Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi), kwani tangu Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambako magari yachafuzi hutozwa ada, limeenea katika jiji zima.

Uzito nao una hesabu yake. Aliyefaulu mtihani wa udereva wa gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida huruhusiwa hadi kilo 3,500 tu, na kiwango hicho ni cha gari likiwa limesheheni. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100. Ongeza mitungi ya gesi, turubai, baiskeli na watu wanne, halafu ulipeleke kwenye mzani kabla ya kutoa amana.