Kabla hujapanda basi kwenda fildi

Mwanafunzi wa kilimo unayekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, barua ya utambulisho itoe kopi tatu: ya kituo, ya mtendaji wa kijiji na ya kwako. Kadi ya bima. Gambuti. Kofia pana. Hela ya Bodi ya Mikopo, yaani bumu, usiitegemee wiki ya kwanza. Nenda na ya kula na ya chumba, maana mwenye nyumba hataki kusikia habari za bumu.

Uliza pia kituo chako kinafanya nini miezi hiyo. Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba. Ukipangiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kwenye mahindi ya Morogoro utakuta mavuno, na usipochangamka utamaliza wiki zote unapukuchua.

Halafu penseli. Nunua tatu, usibishe. Mimi nilikwenda na kalamu za wino. Jaribio lilikuwa la aina 12 za mahindi, kila aina imepandwa mara nne, yaani vipande 48 vya shamba, au ploti. Nikavuna, nikaandika namba ya kila ploti kwenye kikaratasi, nikakitumbukiza mfukoni juu ya mahindi. Mifuko ikalala barazani siku tatu. Mahindi hayakuwa yamekauka sawasawa; tulipofungua kupima uzito, vikaratasi vimelowa na wino umetanda. Mifuko tisa haikusomeka. Hii ni 31 au 37? Msimamizi hakufoka, afadhali angefoka. Alikaa juu ya gunia, akaokota hindi moja, akaligeuzageuza, akaniuliza, "Hili la ploti gani?" Watu walikuwa wamelipalilia shamba lile tangu Machi. Penseli haichujuki kwa maji. Na lebo ziwe mbili, moja ndani, nyingine imefungwa nje.

Kwa wakulima fika mapema, saa tano jua limewaka na wengi wamerudi nyumbani. Amkia wakubwa. Ukikuta mtu kapanda mahindi bila mstari, usimrukie na vipimo vya nafasi, sentimita 75 kwa 30; muulize kwanza, pengine kaacha nafasi ya kunde. Usiahidi mbegu wala mbolea, si zako. Logibuku, daftari lako la kazi za kila siku, ijaze jioni ileile. Usipulize dawa na kandambili miguuni, wala upepo ukivuma. Pikipiki ya ofisi usiiguse kama huna leseni, hata wakisema ni hapo mbele tu. Maji ya kunywa beba. Na wenyeji wakikuambia usipite kichaka kile, zunguka.