Jino la mbele likichelewa kuota: kagua odontoma
Jino moja la mbele la juu likiota na mwenzake asitokeze kwa miezi 6, mpige mtoto eksirei. Kosa la kawaida ni kung'oa jino la utoto lililogoma na kumrudisha nyumbani bila picha. Odontoma, yaani uvimbe usio wa saratani unaotokana na tishu za meno na unaoweza kuziba njia ya jino, kwa kawaida haiumi, ndiyo maana hujificha. Pichani utaona vijino vingi, kama punje za mchele, ndani ya mstari mweusi. Sehemu ya nyuma ya taya la chini, odontoma mara nyingi huwa bonge moja jeupe.

Tia ganzi, inua ufizi, ondoa mfupa mwembamba unaoifunika odontoma, toa vijino vyote na kifuko chake. Vihesabu, kisha piga picha tena: kilichosalia kinaweza kuendelea kuziba njia. Peleka sampuli maabara ya patholojia. Jino lililozibwa usikimbilie kuling'oa. Huweza kushuka lenyewe au kuvutwa kwa waya.