Mtoto kavunja kitu cha jirani, we mzazi unafanyaje?

Wazazi wenzangu, hili limenikuta mwaka jana ndo maana naandika. Mwanangu wa miaka 7 na wenzake walikuwa wanatungua maembe kwa mawe, jiwe moja likatua kwenye kioo cha mbele cha bajaji ya jirani iliyopaki pale chini ya mwembe, kioo chote kikawa kama utando wa buibui.

Cha kwanza, nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, usisubiri mpaka jirani akugongee maana akija yeye tayari ana hasira na watu wameshajaa. Usimtume mtoto peke yake wala dada wa kazi. Ukifika usianze na "watoto ndo walivyo" au "si hata wa mama fulani alikuwepo", sema tu pole kaka, kijana wangu kakuharibia, nimekuja tuone tunafanyaje. Hayo ya nani mwingine alirusha mtamalizana wazazi wenyewe, mwenye mali hayamhusu.

Halafu piga picha, nendeni wote wawili kwa fundi, bei msiikadirie mkiwa barazani. Na hapa ndo wengi tunakosea, tunalipa kioo tunadhani yameisha. Yule kaka bajaji si yake, ana hesabu ya kupeleka kwa bosi kila jioni, na bajaji ikilala kwa fundi hesabu haimsubiri. Nilikuwa nimeshatoa hela ya kioo na ya ufundi, nikamuuliza "na hesabu ya leo je?", akanyamaza, akaangalia chini. Nikaongeza na ya siku ile. Kwa hiyo uliza kile kitu kilikuwa kinamwingizia nini mwenzio, iwe cherehani ya fundi nguo, simu ya wakala au friji ya muuza juisi.

Kama hela huna sema huna, usizime simu. Andikishaneni mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, kitu gani, shilingi ngapi, utalipa lini na lini, msaini wote na kila mtu abaki na nakala yake. Ukilipa kwa simu tunza ile meseji.

Wapo wanaokimbilia polisi. Tanzania mtoto wa chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa jinai, Kenya sheria ya watoto ya 2022 imepandisha mpaka 12, kwa hiyo linabaki dai la fidia tu. Na kisheria mzazi habanwi kwa vile tu kazaa, kinachoangaliwa ni kama ulizembea, mfano umemwachia kiberiti achezee. Mi naona hata kama sheria haikubani lipa, jirani hakukutuma uzae na hasara isimwangukie yeye.

Mtoto usimchape mbele ya mwenye mali ili uonekane umekasirika, hapo anajifunza kuogopa fimbo tu, kesho akiharibu anaficha. Wangu nilienda naye akaomba radhi kwa mdomo wake, na Jumamosi tatu mfululizo alikuwa anaamka asubuhi kumsaidia yule kaka kuosha bajaji, anabeba kindoo chake, akifika kwenye kile kioo kipya anakifuta taratibuuu, utadhani kashika yai.