Kuzamia maji baridi ukitokea Nairobi: kujiandaa kwa wiki ya botini Scapa Flow

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili usiku. "Mjomba, nimelipia nafasi kwenye boti Scapa Flow, siku sita. Nibebe nini?" Huyu ni kijana aliyejifunzia mbizi Diani, kwenye maji ya nyuzi 27, akiwa na suti ya milimita tatu na kilo nne za risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kumsaidia kuzama, kiunoni. Scapa Flow iko visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Maji yake ni nyuzi 8 hivi mwezi wa nne, na mwisho wa kiangazi hufika 13 au 14. Niliyomwambia ni haya.

Hatua ya 1: Viza na bima
Viza ya Uingereza anza mapema. Bima itaje mbizi, na itaje kina.

Hatua ya 2: Jua unakwenda kuona nini
Tarehe 21 Juni 1919 mabaharia wa Kijerumani walizamisha humo manowari zao wenyewe: 52 kati ya 74 zikaenda chini. Nyingi ziliibuliwa zikauzwa vyuma chakavu, saba zikabaki. Zile kubwa tatu, König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, zimelala kwenye mita 38 hadi 45. Cheti cha mbizi kinachokuruhusu mita 18 tu hakitakufikisha mbali.

Hatua ya 3: Regyuleta
Tafuta alama ya ">10°C" kwenye regyuleta yako, kile kifaa kinacholeta hewa ya chupa mdomoni; maana yake ni cha maji ya zaidi ya nyuzi 10 tu. Ukiiona, iache nyumbani. Hewa inapotanuka hupoa, barafu hujijenga ndani, vali hukwama wazi na chupa hujimwaga mbele ya macho yako.

Hatua ya 4: Nguo za ndani
Suti kavu, ile isiyoingiza maji na yenye hewa ndani, utakodi hukohuko, lakini nguo za ndani nunua kwenye masoko ya Gikomba au Toi. Sweta nyembamba ya sufu ya mitumba inashinda nguo nyingi za dukani zenye picha ya mlima. Pamba usiiguse, ikishalowa jasho, umeganda.

Hatua ya 5: Risasi
Hapa nilipoteza siku nzima, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Kabla ya safari yangu ya kwanza nilipima uzito kwenye bwawa hapa Nairobi, asubuhi ya Julai, maji baridi kiasi cha kujiona nimeshafika Scotland. Nikapata kilo 10, nikaziandika nyuma ya daftari. Kule nikafunga kilo 10 zilezile. Kushuka sikupata taabu. Wakati wa kurudi, kwenye mita sita, chupa ikiwa imebaki na baa 60 (kipimo cha shinikizo la hewa), miguu ikaanza kunipita kichwa. Hewa ilikuwa imehamia kwenye viatu vya suti, na vali ya kuitoa iko begani. Bega likiwa chini, haitoi kitu. Niliibuka kama jerikeni tupu, mwenzangu akabaki chini ananitafuta.

Makosa yalikuwa matatu. Bwawa halina chumvi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 110 anahitaji karibu kilo tatu za ziada. La pili, nilipima chupa ikiwa imejaa. Hewa nayo ina uzito: chupa ya lita 12 ukiitumia kutoka baa 230 hadi 50, imepungua kilo mbili na nusu. La tatu, bwawani nilivaa sweta moja, kule mbili na nguo ya manyoya juu yake, na kila tabaka linashika hewa.

Kuna la nne linalovuta upande wa pili. Chupa zetu za pwani ni za alumini, zikikaribia kuisha huelea; kule utapewa za chuma, nazo huendelea kuvuta chini. Tofauti ni kilo mbili au tatu. Utasikia watu wakisema chumvi na chuma zinafutana, basi namba ya bwawani inatosha. Kwenye karatasi, sawa, lakini nguo na hewa ya chupa zinabaki nje ya hesabu. Ndiyo sababu siziamini programu za simu zinazokuuliza uzito wako kisha zinakupa jibu.

Pima hivi. Siku ya kwanza, kando ya boti, vaa kila kitu hadi soksi. Omba chupa iliyobaki na baa 50. Fungua vali ya bega hadi mwisho, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, simama wima bila kupiga mapezi. Ukishika pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Ukiitoa, uzame polepole. Kama chupa ni iliyojaa tu, pima vivyo hivyo kisha ongeza kilo mbili na nusu.

Na miguu ikipanda, kunja magoti, jiviringishe, inua bega. Risasi za vifundoni sizipendi. Zinachosha, na zinakuzoesha kutojifunza kujiviringisha. Nilimrudisha kijana bwawani mara tatu na suti yangu kuukuu kwa ajili ya hilo tu.

Hatua ya 6: Mazoezi ya pwani
Wikendi mbili Diani au Watamu, na glavu nene mkononi, watakucheka waache wacheke. Ila usimalize mbizi ukapanda treni ya Nairobi jioni ileile. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kupanda juu mapema baada ya mbizi kunaweza kukuletea ugonjwa wa mgandamizo. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wa kusubiri kabla ya kupanda ndege unahesabu mwinuko kuanzia mita 610: saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya mbizi zaidi ya moja au za siku kadhaa. Dereva wa gari lako naye yumo kwenye hesabu hiyo kama alizamia.

Hatua ya 7: Botini
Feri ya kutoka Scrabster, Scotland bara, hadi Stromness, Orkney, ni dakika 90. Kula kabla.

Juzi usiku aliniletea picha ya mkanda wake kwenye sitaha, na chini yake ujumbe: "Mjomba, 13. Bwawani ilikuwa 10."