Kutafiti maisha ya watu wenye ulemavu wa akili ukiwa Mwanza: hatua kwa hatua kwa mwanafunzi wa uzamili

Mwongozo huu ni wa mwalimu, muuguzi, afisa ustawi wa jamii au mtaalamu wa utengamao (kumsaidia mtu mwenye ulemavu ajitegemee na kushiriki maisha ya kawaida) anayetaka kusoma shahada ya uzamili au uzamivu kwa kutafiti maisha ya watu wenye ulemavu wa akili (ugumu wa kuelewa, kujifunza na kujihudumia unaoanza utotoni) na namna wanavyotunzwa nyumbani. Kazi hii nimeifanya kandokando ya Ziwa Victoria, na siku hizi wanafunzi huniletea maandiko yao niyasome kabla hawajayapeleka kwa wasimamizi. Kasoro inayojirudia ni ileile: mama kahojiwa, mwalimu kahojiwa, mwenyekiti wa mtaa kahojiwa, ila mwenye ulemavu hasikiki popote. Ukifuata mpangilio huu tangu mwanzo, sauti yake itakuwamo.

Hatua ya 1: Punguza swali

"Changamoto za watu wenye ulemavu Mwanza" ni mada ya kongamano, huwezi kuitafiti kwa miaka miwili. Uliza hivi: kijana mwenye ulemavu wa akili aliyemaliza kitengo maalumu cha shule ya msingi wilayani Ilemela, nani anashinda naye, na siku yake inapitaje? Kwa maoni yangu vijana hawa ndio wanaohitaji watafiti zaidi, kwa sababu shule ikiisha, ratiba yote ya siku inamwangukia mama au bibi.

Ukikwama, tazama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu utengamao katika jamii. Umegawanya maisha katika maeneo 5: afya, elimu, kipato, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Chagua moja.

Hatua ya 2: Jua unamzungumzia nani

Unapotafuta makala, angalia zimeandikwa wapi. Waingereza wakisema ulemavu wa kujifunza huwa wanamaanisha ulemavu wa akili; Wamarekani humaanisha mtoto mwenye akili timamu anayeshindwa kusoma au kuhesabu. Ukizichanganya, sura yako ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, itaporomoka.

Huku kwetu pia tenganisha mtindio wa ubongo (cerebral palsy), usonji, kifafa na ulemavu wa akili. Mtu mwenye mtindio wa ubongo anaweza kushindwa kutembea na kutamka, na akili yake ikawa haina kasoro yoyote. Maswali 6 ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu (kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana) yanakusaidia kupata kaya. Hayampi mtu jina la ugonjwa. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 tumia dodoso lao la watoto, walilolitengeneza pamoja na UNICEF.

Hatua ya 3: Chuo na msimamizi

SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) iko Malimbe, CUHAS (chuo kikuu cha afya) iko Bugando, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani. Mtazame msimamizi kabla ya jina la chuo. Mwandikie ukurasa mmoja tu wenye swali, mahali na watu utakaowafikia. Ukiweza, pata wasimamizi wawili, mmoja wa sayansi ya jamii na mwingine wa afya au elimu maalumu.

Hatua ya 4: Vibali

Anza na kamati ya maadili. CUHAS na Hospitali ya Bugando wana kamati yao ya pamoja. Utafiti wa afya unaohitaji kibali cha kitaifa hupita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata moja, na beba nakala za kutosha.

Mambo mawili kamati itakuuliza, na ni haki yao. La kwanza ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, lakini kisiwani kama Ukerewe kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "mama mwenye mapacha wenye ulemavu, kijiji fulani Ukerewe", mji wote wa Nansio umeshamjua. La pili ni utakachofanya ukimkuta mtu amefungwa kamba au anapigwa. Andika mapema jina la ofisi ya ustawi wa jamii utakayoiarifu. Kwa mtoto, kuna namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116. Mlezi naye aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba jambo la namna hiyo hutalifanya siri.

Hatua ya 5: Panga ratiba kwa kalenda ya ziwa

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza, mwezi usipoonekana, wanawake wa mialoni (kunakoshushwa samaki) wanapokea na kuanika tangu alfajiri. Ukienda kuwahoji utapata majibu ya haraka haraka. Mbalamwezi ikishamiri, uvuvi hupungua na watu wanapata nafasi ya kukaa. Kwenye wilaya za Kwimba na Magu fuata kalenda ya shamba, ukiepuka wiki za palizi. Jambo hili liandike kwenye sura ya mbinu, kwa sababu mtunzaji mwenye saa za kupumzika ndiye anayekueleza ukweli wa mzigo wake.

Hatua ya 6: Ridhaa na mazungumzo

Hapa ndipo utumie nusu ya nguvu zako.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ni mtu mbele ya sheria. Sahihi ya mama haifuti "sitaki" ya mwanawe.

Ziara ya kwanza nenda bila kinasa sauti. Salimia kwa heshima ya nyumba hiyo, "mwangaluka" kama ni kwa Wasukuma, na msalimie mwenye ulemavu kwa jina lake kama unavyowasalimia wengine. Shiriki anachofanya: kuchambua dagaa, kuchota maji, kuchunga mbuzi.

Ziara ya pili eleza utafiti kwa sentensi fupi na picha ulizopiga mazingira yaleyale. Kisha mwombe akueleze yeye: huyu mgeni ni nani, tutafanya nini, na ukichoka utafanyaje? Mpe kadi nyekundu ya kusimamisha mazungumzo, na mfanye zoezi la kuitumia kwa mchezo kwanza. Akiinuka, akinyamaza ghafla au akitazama mlango kila mara, hayo ni majibu. Simamisha.

Maswali ya ndiyo na hapana yaepuke. Wengi wamezoezwa kumkubalia mgeni, kwa hiyo atasema ndiyo kwa kila kitu. Badala ya "Unapenda kukaa hapa?", sema "Jana asubuhi ulifanya nini?" au "Nioneshe pale unapopenda kukaa." Ukitumia picha mbili achague, baadaye zibadilishe upande umwulize tena, akichagua upande uleule wa mkono, hujapata jibu. Kwa asiyetamka, andika ishara zake na umwulize aliye karibu naye zina maana gani, lakini tafsiri hiyo iwekee alama kuwa ni ya mlezi.

Mkalimani wa Kisukuma, Kikerewe au Kijita asiwe ndugu wa kaya. Mlezi mhoji peke yake, siku nyingine.

Hatua ya 7: Uchambuzi

Nakili mahojiano katika lugha yaliyosemwa, tafsiri baadaye. Maneno ya mwenye ulemavu yaweke kwenye faili lake, uyasome kabla ya yale ya walezi. Ukianza na mama, utamsikia mtoto kwa masikio ya mama.

Hatua ya 8: Mrejesho

Kabla ya kukabidhi tasnifu, rudi na ukurasa mmoja wa picha na maneno machache, mhusika na familia yake waseme kama ndivyo mambo yalivyo. Nakala nyingine, isiyotambulisha kaya, ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo wa halmashauri, ambako asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla, hivyo lenga Novemba au Desemba, wakati maafisa hao bado wanaandika mapendekezo yao.