Jinsi ya kuanza tiba ya kiwewe bila kujitonesha kidonda

Jua hili kwanza: siku ya kwanza ya tiba ya kiwewe, yaani jeraha la akilini linalobaki baada ya tukio baya, hulazimiki kusimulia kila kitu. Wengi wanaogopa kwenda kwa mwanasaikolojia sababu wanadhani wataambiwa kaa hapo, anza toka mwanzo, na huo mwanzo ndo wanaoukimbia miaka yote. Mtaalamu anayejua kazi anaanza na kukutuliza, stori inakuja baadaye ukiwa na pa kushikilia.

Kwahiyo anza na mwili, na hii unaweza hata leo. Ukishtuka ghafla, moyo unaenda mbio kisa tu mlango umegongwa kwa nguvu, usianze kubishana na akili kwamba hamna kitu, mwili hausikii maneno muda huo. Weka nyayo zote mbili chini uzikandamize, shika kikombe cha maji ya baridi, pitisha kidole kwenye ukingo wake taratibu, alafu taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, sauti 3, harufu 2, ladha 1. Pumua, ila kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ukimaliza taja tarehe ya leo na mahali ulipo, hii watu wanairuka ila mi naona ndo muhimu kuliko zote, maana kiwewe kinafanya jambo la zamani liwe kama linatokea sasa hivi. Na ufanye mazoezi hata siku uko sawa, ili mwili uzoee njia.

Wiki za mwanzo baada ya tukio, kukosa usingizi, ndoto mbaya na kushtukashtuka ni kawaida na kwa wengi zinapungua zenyewe. Mwezi ukipita bado ziko palepale, au zinakushinda hata kazi, tafuta mtaalamu.

Tiba zenyewe ziko kadhaa. Ipo inayoshughulika na mawazo yaliyobaki baada ya tukio, yale ya "ilikuwa kosa langu", mnayachunguza moja moja kama yana ukweli, mara nyingi ni sesheni kama 12 na kazi za kuandika nyumbani. Ipo inayoitwa EMDR, kifupi cha jina lake la Kiingereza, aliianzisha Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987, unaikumbuka picha ya tukio kwa muda mfupi huku macho yanafuata vidole vya mtaalamu kushoto kulia, na watafiti bado wanabishana macho yenyewe yanachangia kiasi gani, lakini tiba inasaidia, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013.

Ila ninayoipenda mimi ni ya simulizi, ilitengenezwa kwa watu waliopitia mabaya mengi, vita, ukimbizi, sio tukio moja. Mnatandaza kamba sakafuni, hiyo kamba ni maisha yako toka uzaliwe, unaweka ua kwenye kila jambo zuri na jiwe kwenye kila baya, na mwisho wa kamba unaachwa umekunjwa sababu hayo maisha hujayaishi bado. Mtu aliyekuwa anaona mawe tu anakuta kumbe kati ya mawe kulikuwa na maua. Alafu sesheni zinazofuata mnapita jiwe kwa jiwe kwa mpangilio, mtaalamu anaandika, anakusomea, unasahihisha, na mwisho unaondoka na maisha yako yameandikwa.

Kabla hujakubali kuanza na mtu, muulize: umesomea tiba gani ya kiwewe? tutafanya nini nikizidiwa katikati? tutajuaje kama nafuu ipo? Akikasirika kuulizwa, ondoka. Mi mwenyewe nilielewana na wa pili, wa kwanza alikuwa ananiharakisha, nikadhani tatizo ni mimi.

Vidonge vya kutuliza usivianze kwa kuazima kwa mtu, hivyo ni vya daktari, na vingine vinazoeleka vibaya.

Siku ya sesheni usipange kitu kizito baada yake. Usiku ule ndoto zinaweza kuongezeka, usikate tamaa, mwambie mtaalamu safari inayofuata mpunguze mwendo. Mwambie mapema mtu mmoja unayemuamini, sio akuhoji, awepo tu. Lakini mawazo ya kujiua yakija usisubiri sesheni, nenda hospitali siku hiyohiyo, na huyo mtu akusindikize.